Gigabiti 40 za kukaushia nguo

Leo nimerudi na hadithi ndefu, kwa hiyo vuta kiti.

Jumamosi moja mwezi uliopita kijana wa mauzo alibisha mlango wangu hapa Nairobi. Alikuwa amevaa fulana ya kampuni moja ya intaneti ambayo sitaitaja. Akachungulia, akaona skrini mbili mezani, akatabasamu. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta na bado uko kwa megabiti 30? Watu wanahamia gigabiti!" Akaongeza kwamba gigabiti kumi nazo ziko njiani, na ni heri kuzoea mapema.

Sikuwa na jibu. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta na ninalipwa kuandika programu, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza waziwazi: nyumba yako inahitaji intaneti ya kasi gani hasa? Bei aliyonitajia haikuwa mbali na ile ambayo Safaricom ilitangaza Septemba 2024, yaani shilingi 20,000 kwa mwezi kwa gigabiti moja. Mimi nalipa 4,100. Tofauti ni shilingi 15,900 kila mwezi, na kwa mwaka ni 190,800. Hizo ni karo za mtu! Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili, nikaanza kuchimba historia.

Kabla hatujaendelea, tuelewane. Nikisema megabiti au gigabiti humu ndani namaanisha kwa sekunde. Gigabiti moja ni megabiti 1,000. Na ukitaka kujua faili litashuka kwa muda gani, kumbuka baiti moja ni biti nane. Wauzaji hupenda biti kwa sababu namba inaonekana kubwa.

Tuanze na modemu. Mwaka 1998 kiwango cha V.90 kilikubaliwa, na modemu ya simu ikafikia kilobiti 56. Wimbo mmoja wa megabaiti tano, kwa kasi hiyo, unachukua kama dakika 12, na hiyo ni ikiwa hakuna mtu nyumbani atakayeinua mkono wa simu. Hapo kila ongezeko la kasi lilikuwa uhai. Ukitoka kilobiti 56 ukafika megabiti moja, wimbo unashuka kwa sekunde 40. Ukifika megabiti 10, sekunde nne. Ukifika 100, chini ya nusu sekunde. Sasa niambie, ukifika gigabiti moja, sekunde 0.04, nani atasikia tofauti? Na ukifika gigabiti kumi? Kuku wako naye hatasikia.

Angalia pia jinsi serikali zilivyohesabu. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, mwaka 1999 ilikuwa inaita kilobiti 200 intaneti ya kasi. Mwaka 2010 ikapandisha hadi megabiti 4 za kupakua, mwaka 2015 ikasema 25, na mwaka 2024 ikasema 100 za kupakua na 20 za kupakia. Kwa hiyo mtu aliyesema zamani kwamba megabiti moja inatosha milele aliumbuka. Hilo nalikubali tangu mwanzo, nisije nikaonekana mzee wa kupinga maendeleo. Lakini ona pia kwamba hata kwa tume ya nchi tajiri kama ile, kiwango chake cha mwaka 2024 cha kuita intaneti ya kasi hakikufika popote karibu na gigabiti.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu historia yetu inafundisha kitu ambacho matangazo hayasemi.

Mwaka 2000, watoa huduma wa intaneti wa Kenya walikuwa na tatizo la kuchekesha. Ukiwa mteja wa kampuni moja Nairobi, ukamtumia barua pepe rafiki yako wa kampuni nyingine, naye yuko Nairobi hiyo hiyo, barua ilipanda hadi setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena setilaiti, ikarudi Nairobi. Kutoka Westlands hadi Industrial Area kwa kupitia angani! Novemba mwaka huo wakafungua kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na Desemba hiyo hiyo msimamizi wa sekta akaamuru kifungwe. Kikafunguliwa tena Februari 2002 baada ya mabishano marefu.

KIXP haikumwongezea mtu yeyote upana wa waya unaoingia nyumbani kwake. Ilifupisha safari tu. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 ilieleza kwamba data za ndani ya nchi, zilizokuwa zikichukua milisekunde 200 hadi 600, sasa zilichukua 2 hadi 10. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto na kumwita aliye chumba cha pili.

Mimi mwenyewe nilianza kuonja intaneti saiba, Mombasa, nikiwa shule ya msingi. Tulilipa kwa dakika. Unaandika anwani, unabonyeza, unasubiri. Ukurasa unatoka nusu, picha hazipo, na mwenye saiba anaangalia saa yake kwa furaha. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nalipia fizikia. Setilaiti za aina ile hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: kilomita 144,000. Mwanga wenyewe, wenye mbio za kilomita 300,000 kwa sekunde, unahitaji karibu nusu sekunde kwa safari hiyo. Hata ungemlipa mwenye saiba mamilioni, nusu sekunde hiyo isingepungua.

Kisha ukaja mwaka 2009. Kebo ya TEAMS, kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, ilifika ufukweni kwetu Mombasa mwezi Juni. SEACOM ikaanza kazi Julai. EASSy ikafuata 2010. Urefu wa TEAMS ni kama kilomita 5,000, na mwanga ndani ya kioo cha faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Piga hesabu: kwenda na kurudi ni kama milisekunde 50. Kutoka 480 hadi 50! Watu wote walisifu kasi, na kweli upana wa njia uliongezeka sana. Lakini ninaamini nusu ya furaha ile ilitokana na ufupi wa safari, na hakuna aliyeuweka kwenye bango.

Weka hilo akilini, tusafiri mbali kidogo, kwa sababu kuna watu waliokwisha kupata gigabiti nyingi kabla yetu na tunaweza kuangalia walizifanyia nini.

Wa kwanza ni bibi mmoja wa miaka 75 katika mji wa Karlstad, Sweden. Mwaka 2007 mwanawe, mtaalamu wa mitandao, alimfungia nyumbani laini ya gigabiti 40. Ndiyo, arobaini, mwaka 2007! Lilikuwa onyesho la kuthibitisha kwamba inawezekana kupeleka data nyingi mbali kwa faiba bila vituo vingi vya katikati. Vyombo vya habari duniani kote viliandika kwamba angeweza kupakua filamu nzima kwa sekunde mbili. Kisha ikaripotiwa alivyoitumia hasa. Mitambo ile ilitoa joto jingi, na bibi aliona inafaa kukaushia nguo. Nimecheka sana niliposoma, lakini tafakari: nyumba ya kwanza duniani kuwa na kasi hiyo iliipatia kazi ya jua.

Wa pili ni mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani. Septemba 2010 kampuni ya stima ya mji huo, EPB, mali ya umma, ilianza kuuza gigabiti moja kwa kila nyumba katika eneo lake. Bei ilikuwa dola 350 kwa mwezi. Mwaka 2015 wakaongeza gigabiti kumi, na mwaka 2022 gigabiti 25. Hakuna mji unaofaa zaidi kwa swali letu.

Lakini kwa nini kampuni ya stima ilitandaza faiba? Kwa ajili ya stima! Walipata ruzuku ya serikali kuu ya kama dola milioni 111, wakaunganisha swichi za umeme mji mzima, ili mti ukiangukia waya, mtandao ujue palipokatika na kuzungusha umeme kupitia njia nyingine. Swichi inahitaji jibu la haraka na la uhakika. Haihitaji upana mkubwa. Gigabiti za majumbani zilikuwa kama maziwa kwa mtu aliyefuga ng'ombe kwa sababu ya kulima: yapo, kwa nini usiuze?

Tena sikiliza hili, ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 2020, korona ilipofunga shule, mji huo ulianzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa familia maskini intaneti ya bure nyumbani. Wanafunzi wapatao 28,000 walistahili. Watu hawa walikuwa na uwezo wa kutoa gigabiti kumi kwa nyumba yoyote. Walitoa ngapi? Megabiti 100 za kupakua na 100 za kupakia. Hawakuwa wachoyo. Ndicho kipimo walichoona kinamwezesha mtoto kusoma. Na kilichobadilisha maisha ya mtoto yule kilikuwa kutoka sifuri hadi 100. Kutoka 100 hadi 10,000 kungembadilishia nini?

Wahandisi nao walikuwa wameshapima. Mwaka 2010 Mike Belshe, aliyekuwa Google, alichapisha majaribio ya muda wa kufungua kurasa za wavuti. Kutoka megabiti moja hadi mbili, nafuu ni kubwa. Kutoka 5 hadi 10, kurasa ziliharakishwa kwa takriban asilimia 5 tu. Lakini kila alipopunguza muda wa kwenda na kurudi, nafuu iliendelea kuja, hatua kwa hatua, bila kuchoka. Sababu ni rahisi. Ukurasa haushuki kama gunia moja. Kivinjari kinauliza anwani, kinasalimiana na seva, wanakubaliana siri, kisha ndipo kinaomba ukurasa. Safari nne kabla hujaona herufi moja. Kazi hiyo ya Belshe na wenzake ndiyo iliyozaa HTTP/2, iliyokubaliwa mwaka 2015, ambayo kazi yake kubwa ni kupunguza kusubiriana huko.

Haya, nikaamua kupima nyumba yangu. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mdogo wangu wa kiume aliye chuo, na shemeji anayetengeneza video za biashara yake. Ruta yangu inaendesha OpenWrt, programu huria, kwa hiyo niliiambia iandike kila kitu kwa wiki mbili.

Nilitarajia kuona megabiti 30 zimejaa usiku kucha. Wapi! Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa picha safi ya kawaida na 15 kwa picha ya 4K. Mkutano wa video unakula megabiti chache. Muda mwingi nyumba yetu ilikuwa inatumia chini ya theluthi ya laini, hata jioni.

Sasa mbona mikutano yangu ya kazi ilikuwa inagandaganda? Hapa ndipo nilipojicheka. Ilitokea kila shemeji alipokuwa akipakia video. Muda wa kwenda na kurudi hadi seva ya hapa hapa Nairobi uliruka kutoka milisekunde chache hadi zaidi ya 400. Yaani nilikuwa nimerudi enzi ya setilaiti nikiwa na faiba mkononi!

Ugonjwa huo una historia yake. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi mkongwe wa Marekani, aliuona nyumbani kwake, akaufuatilia na kuutangaza. Watengenezaji wa ruta, kwa vile kumbukumbu imekuwa rahisi, wameweka nafasi kubwa mno za kuhifadhi data zinazosubiri. Data haitupwi, inapanga foleni. Lori la video la shemeji linajaza foleni nzima, na pikipiki yangu yenye neno moja la mkutano inakaa nyuma ya lori. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu ya kuifanya foleni iwe fupi, na toleo lililoboreshwa liitwalo FQ-CoDel likaingia Linux mwaka huo huo, kisha likaandikwa rasmi kama RFC 8290 mwaka 2018. Mbinu hiyo humpa kila mtu zamu yake, ili pikipiki isingoje lori limalize.

Ilikuwa imelala ndani ya ruta yangu siku zote. Nikaiwasha, nikaiambia laini ni megabiti 27 badala ya 30 ili foleni itokee kwangu ninapoweza kuisimamia. Shemeji akapakia video tena. Milisekunde 400 zikawa chini ya 30. Gharama: shilingi sifuri na dakika kumi. Kumbuka, nilipunguza kasi na intaneti ikawa bora!

Nikauliza tena: je, gigabiti ingetibu? Ingeficha ugonjwa, kwa sababu lori lingepita haraka. Lakini ingenilazimu pia kubadilisha vifaa. Soketi za waya katika ruta nyingi za majumbani zinaishia gigabiti moja, na ukitoa mizigo ya itifaki unabaki na kama megabiti 940. Waifai kupitia kuta za mawe za nyumba zetu huambulia sehemu ndogo ya hiyo. Mtu anayenunua gigabiti kumi kisha anazipitisha kwenye waifai ni kama anayeleta tangi la maji akaacha mfereji ule ule wa nusu inchi.

Na kuna jambo la uhakika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa Afrika, na intaneti ikayumba Kenya, Tanzania na majirani. Siku ile jirani mwenye gigabiti na mimi mwenye 30 tulikuwa sawa, wote tukikodolea macho duara linalozunguka. Ningependa sana kulipia njia ya pili kuliko upana wa njia moja.

Sasa haki itendeke. Wako watu wanaohitaji kasi kubwa. Mchezo wa kompyuta wa gigabaiti 50, kwa laini yangu, unachukua karibu saa tatu na dakika 40. Kwa megabiti 100 ni kama saa moja na dakika saba. Kwa gigabiti, dakika saba hivi. Mtu anayesafirisha video ghafi kila siku, au aliye na seva nyumbani, muda wake ni pesa, na alipe. Tena siwezi kuapa kwamba 2040 hakutakuwa na kitu kitakachokula gigabiti. Ndiyo maana nasema faiba itandazwe kila mahali, kwa sababu uzi ule ule wa kioo unaweza kubeba megabiti 15 leo na gigabiti kumi kesho kwa kubadilisha vifaa vya mwisho tu. Uwezo uwepo ardhini. Lakini bili ya kesho niilipe kesho.

Kila kasi iliyobadilisha maisha ya nyumba katika historia hii ilikuta hitaji limekaa mlangoni linasubiri: wimbo wa dakika 12, saiba ya nusu ukurasa, mtoto asiye na darasa. Gigabiti nyingi zimekuja mlangoni na kukuta nguo mbichi. Na wakati huo huo picha zenyewe zinazidi kubanwa vizuri. H.264 ilikuja 2003, HEVC 2013, AV1 2018, na kila moja imeonyesha picha ile ile kwa biti chache zaidi.

Kijana wa mauzo alirudi kama tulivyopatana. Nikampa chai, nikamwonyesha grafu zangu. Akaziangalia kwa makini, akasema, "Sasa kaka, mimi nitauza nini?" Swali zuri. Nikamwambia auze ruta nzuri, aniuzie kupakia kwa kasi sawa na kupakua, na aniambie laini yake imekatika mara ngapi mwaka jana. Akacheka, akasema hizo haziko kwenye karatasi yake.

Kisha nikafanya hesabu moja ya mwisho. Katika bei zile zile za Septemba 2024, laini ya megabiti 15 ilikuwa shilingi 2,999. Ile tofauti ya 15,900 ingelipia laini tano za namna hiyo, na chenji inabaki. Mama yangu bado yuko Mombasa, na dada yangu mdogo anayesoma huko amekuwa akinunua bando za simu za siku moja moja, akizima data kati ya somo na somo ili isiishe. Miaka mingi baada ya TEAMS kufika ufukweni, yeye bado analipa kwa dakika kama nilivyolipa mimi saiba.

Laini ya kwanza imeshafungwa kwa mama. Megabiti 15. Foleni nimeirekebisha kwa mbali, kutoka Nairobi. Bado nne.